Kuipata Kodi kwa Sikio: Tafuta Do, Kisha Fuata Besi

Jumapili asubuhi Moshi, usharikani Majengo au Kiborloni, mama anasimama katikati ya ibada na kuanzisha pambio. Hajauliza ki, yaani nota ambayo wimbo umejengwa juu yake, wala hajageuka kuona kama mpiga kinanda ameweka vidole sawa. Ubeti haujafika nusu, kanisa zima limeshadakia, na mpiga kinanda ana sekunde chache za kujua do iko wapi na kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, zinaelekea wapi, ili aingie bila kumyumbisha mtu. Anayeliweza hilo amejizoeza mambo mawili kwa mpangilio: kuisikia do kama nyumbani, kisha kuifuata besi. Wengi hufanya kinyume. Hukimbilia kubahatisha kodi nzima, "hii kama D, hapana, kama A", na baada ya mwaka bado wanabahatisha.

Maelezo haya yanamfaa anayejua kupiga walau C, F, G, A maina na D maina kwenye gitaa au kinanda, na anayeweza kuimba do re mi fa so la ti do bila kupotea. Kama umewahi kuimba kwaya ya kanisani, solfa tayari unayo. Kwa kazi hii solfa inafaa kuliko majina ya C na D, kwa sababu inakueleza nota iko umbali gani na nyumbani, na umbali ndio sikio linaousikia. Ni watu wachache sana wanaoweza kusikia nota moja peke yake wakaitaja jina. Huhitaji kuwa mmoja wao.

Nyumbani ni wapi

Acha wimbo uende kama nusu dakika, kisha uzime ghafla, hata katikati ya neno. Kaa kimya kidogo, halafu vuma kwa mdomo uliofungwa ile nota ambayo wimbo ungeishia kama ungemalizika sasa hivi. Kwa nyimbo nyingi nota hiyo huja yenyewe bila kulazimishwa. Ipime: kutoka hapo panda do re mi fa so, ushuke so fa mi re do, kisha teremka kidogo, do ti do. Kama ti inakuvuta urudi juu kwa nguvu, umeipata. Sasa, na si kabla, gusa gitaa au kinanda uitafute nota hiyo moja. Ikiangukia G, do ni G, na wimbo uko ki ya G.

Sharti la kuimba kabla ya kugusa ala ndilo linalovunjwa zaidi. Kidole kikipapasa freti moja baada ya nyingine, mwisho kitaipata nota, lakini kilichoipata ni kidole. Sikio halikufanya kazi yoyote, na kesho utapapasa tena. Koo likiweza kuitoa nota, maana yake sikio limeshaijua.

Kosa la pili ni kudhani nota ya kwanza ya wimbo ndiyo do. Nyimbo nyingi huanzia so ya chini, kama kupiga hatua kabla ya kuruka, na nyingine huanzia mi. Kosa la tatu huwapata wanaume wanaofuata sauti ya mwanamke: wanaikaza sauti juu wakidhani wako nota tofauti, kumbe wako nota ileile, oktava moja (do hadi do inayofuata) chini. A inayotetema mara 440 kwa sekunde na ile inayotetema mara 220 ni A zote mbili.

Bongo fleva ina mtego wake. Biti nyingi huzungusha kodi nne zilezile mwanzo hadi mwisho, na wimbo hufifia bila kutua. Hapo vuma nyumbani mbili: do, kisha la iliyo chini yake. Moja itakaa kwa utulivu zaidi. Ikiwa ni la, wimbo uko maina, ingawa kodi ni zilezile.

Ukishaipata do, jifunze njia za kutoka kwake. Kutoka do hadi re ni nusu toni mbili, yaani freti mbili za gitaa. Re hadi mi mbili, mi hadi fa moja tu, fa hadi so mbili, so hadi la mbili, la hadi ti mbili, ti hadi do moja. Jumla 12. Imba do-re-do, do-mi-do, do-fa-do, hivyohivyo hadi do ya juu, na kila ruko lipime kwenye ala baada ya kuliimba. Watu hawapati taabu na so. Fa na la ndizo zinazosumbua: fa huimbwa juu mno kwa sababu so inaivuta, na la huchanganywa na ti. Tofauti yake ni kwamba ti haitulii, inataka kuruka hadi do, ilhali la unaweza kuishikilia ukamaliza pumzi.

Besi ndiyo inayotaja kodi

Kodi tatu za kawaida, zikihesabiwa kutoka do, ni hizi: ya kwanza ni do-mi-so, ya nne ni fa-la-do, ya tano ni so-ti-re. Ongeza ya sita, la-do-mi, na ya pili, re-fa-la, na utakuwa na karibu kila kitu kinachohitajika kwenye mapambio na sehemu kubwa ya nyimbo za dansi. Shida ni kwamba kodi hizi zinagawana nota. Ya kwanza na ya sita zote zina do na mi. Ya nne na ya pili zote zina fa na la. Sikio linalosikiliza juu tu, kwa mwimbaji, haliwezi kuzitenganisha. Chini, kwenye besi, hakuna utata mwingi: ya kwanza iko do, ya sita iko la.

Kwa hiyo cheza wimbo na uimbe besi tu. Usiimbe maneno wala sauti ya kwanza, imba kile gitaa la besi au mkono wa kushoto wa kinanda unachofanya, ukipandisha oktava moja au mbili ili koo lako lifike. Usijali mapambo anayotia mpiga besi kati ya pigo na pigo. Shika nota inayoanguka pale kodi inapobadilika, ambayo kwa kawaida ni pigo la kwanza la hesabu. Waliozoea kuimba teno au soprano watapata taabu wiki mbili za mwanzo, kwa sababu masikio yao yamezoea kukaa juu. Dawa nzuri ni kukaa karibu na mabesi wakati wa mazoezi ya kwaya.

Besi ikiruka kutoka do, wanaoanza hushindwa kujua kama imekwenda fa au so. Kutoka do kupanda hadi fa ni nusu toni tano, na kutoka do kushuka hadi so ya chini ni tano pia. Umbali ni uleule, mwelekeo tofauti, na kwenye spika mbovu mwelekeo haueleweki. Hapo tumia jaribio hili, ambalo lina thamani kuliko programu nyingi za simu.

Kaza do kooni, uivume mfululizo wakati kodi zinabadilika. Do ikikaa bila kukwaruza, uko kwenye ya kwanza, ya nne au ya sita, kwa kuwa zote zina do ndani. Ikikwaruza na kutaka kuteleza hadi ti, uko kwenye ya tano. Rudia wimbo, safari hii ukikaza so. So inakaa kwenye ya kwanza na ya tano. Kwenye ya nne inaelea, haiketi. Basi: do inakaa na so inakaa, ni ya kwanza. Do inakaa, so inaelea, ni ya nne au ya sita. Do inakwaruza, so inakaa, ni ya tano. Zote mbili zikielea, jaribu ya pili. Ili kutenganisha ya nne na ya sita, kaza mi: kwenye ya sita iko nyumbani, kwenye ya nne inagongana na fa iliyo jirani yake kabisa.

Mazoezini fanya jaribio hili kwa sauti, na usiliharakishe. Baada ya wiki kadhaa litaanza kujifanya lenyewe kimyakimya.

Mfano mmoja hadi mwisho

Chukua wimbo wa siku ya kuzaliwa, ule wa "Happy birthday to you", ambao hakuna sherehe ya kipaimara au ya mtoto kutimiza mwaka inayoukosa. Do iwe G, hivyo ya nne ni C, ya tano ni D na ya sita ni E maina. Hesabu yake ni ya tatu tatu, na silabi mbili za mwanzo, "Hap-py", ziko kabla ya pigo la kwanza.

Mstari wa kwanza ni so so la so do ti. Wa pili so so la so re do. Wa tatu so so, kisha ruko la oktava hadi so ya juu, mi do ti la. Wa nne fa fa mi do re do. Uimbe kwanza kwa solfa bila ala hadi uwe mwepesi.

Sasa angalia pigo zito la kwanza. Ni la. Anayetafuta kodi kwa kuangalia sauti ya kwanza atasema, "La iko kwenye ya nne na ya sita, basi naanza na C au E maina." Amekosea. Kodi hapo ni ya kwanza, G, na la ni nota inayoegemea tu kabla ya kuangukia so. Vuma do mwanzoni hapo: inakaa. Vuma so: inakaa. Ukifika mwisho wa mstari, pale penye ti, do yako itakwaruza wazi. Ni ya tano, D. Inaendelea kuwa D kwenye pigo zito la mstari wa pili, ambalo tena ni la, na tena la hiyo inaegemea so. Mstari wa pili unatua kwenye do, G imerudi. Mstari wa tatu unaanza G, na linapotajwa jina la mwenye sherehe, ti la, wengi hubaki G au kwenda D kwa sababu wameisikia ti. Kaza do: imekaa, haikwaruzi. Kaza so: inaelea. Ni ya nne, C, na ti hapo inaegemea la, kama la ilivyoegemea so mwanzoni. Mstari wa mwisho: mi na do ziko kwenye G, re inachukua D, do inamalizia G.

Kodi ni tatu, lakini sauti ya kwanza ilitaka kukudanganya mara tatu. Ndiyo sababu ya kung'ang'ania besi.

Meja, maina, na nota zinazoongezwa

Usijifunze kutofautisha meja na maina kwa "furaha" na "huzuni". Nyimbo nyingi za maziko zinazoimbwa na kwaya zetu ziko meja, na nyimbo nyingi za kuchezea harusini ziko maina. Pima nota ya kati. Kutoka besi ya kodi hadi nota ya kati, meja ina nusu toni nne, maina tatu. Imba do-mi-so, kisha la-do-mi, ukianzia palepale kooni zote mbili, na usikilize jinsi nota ya kati inavyoshuka.

Kodi ya tano ikiongezewa fa inakuwa ya tano yenye saba, mfano D7. Ti na fa ndani yake zinavutana, ti ikitaka kupanda do na fa ikitaka kushuka mi, na ndiyo maana inarudi nyumbani kwa nguvu kuliko ya tano ya kawaida.

Wanakwaya wanajua pia fe, yaani fa iliyopandishwa. Ukisikia fe, mara nyingi kodi ni re-fe-la na inakwenda kwenye so. Ukisikia ti imeshushwa nusu toni katika kodi ya kwanza, jiandae kwa ya nne. Na katika wimbo wa maina, so ikipandishwa kuwa se, kodi ni mi-se-ti na nyumbani, la, pako mlangoni.

Nakala za kwaya zilizoandikwa kwa solfa zitumie kama kitabu cha majibu. Kwanza tafuta kodi kwa sikio, ziandike, halafu fungua nakala uangalie mstari wa chini kabisa. Mahali palipoandikwa d pana uwezekano mkubwa wa kodi ya kwanza, f ya nne, s ya tano. Besi ikiwa m, usikimbilie ya tatu: mara nyingi ni kodi ya kwanza iliyogeuzwa, mi ikiwa chini. Vuma do, na ikikaa, ni ya kwanza.

Kukopi kutoka kwenye simu

Usitumie spika ya simu. Waya mnene wa gitaa la besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo kama ile haiwezi kuisukuma sauti hiyo. Unachokisikia ni mitetemo yake ya juu tu, kisha unashangaa kwa nini besi "haipo". Hedifoni za bei ya kawaida zinatosha, na pia zitakuokoa na honi za vifodi, yaani daladala, ukiwa Ngarenaro au Sakina, Arusha.

Kwenye YouTube punguza kasi hadi 0.75 au 0.5, sauti haitashuka ki. Kwenye kompyuta, Audacity ni ya bure: kata sekunde nane tu za wimbo, izungushe, na kama besi bado ni nzito kuisikia, pandisha kipande hicho nusu toni 12. Besi itakuja juu oktava nzima, mahali koo lako linapofika. Fanya kipande kimoja hadi uwe na hakika, ndipo uende kingine. Kuusikiliza wimbo mzima mara 30 hakufundishi kama kukisikiliza kipande kimoja mara 30.

Rekodi za zamani za dansi zina tatizo la mkanda: ukicheza kasi kidogo au polepole kidogo, wimbo wote hupanda au hushuka, ukaangukia kati ya G na G shapu. Usidhani sikio lako limeharibika. Rekebisha nyuzi za gitaa zifuate rekodi, siyo tyuna. Na kwenye sebene usikimbizane na solo. Gitaa la solo linaruka huku na huku, lakini chini yake ridhim na besi mara nyingi zinazungusha ya kwanza, ya nne na ya tano tu. Zishike hizo, na solo itaeleweka yenyewe kama nota zinazotembea ndani ya kodi.

Asubuhi za Julai Arusha zina baridi ya kutosha kubadilisha gitaa. Waya wa chuma ukipoa hujikaza na kupanda. Gitaa likikaa mikononi likapata joto, hushuka. Rekebisha nyuzi ukianza, na tena baada ya dakika kumi.

Kukisia ki kabla ya kugusa

Magitaa hupenda E, A, D, G na C kwa sababu ya nyuzi zilizo wazi. Matarumbeta ya harusi yanayopita Jumamosi juu ya pikapu yana ala za B flati na E flati, kwa hiyo anzia B flati, E flati au F.

Na kuna nota moja ya bure karibu kila penye umeme. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na spika au amplifaya inayovuma mara nyingi huvuma kwa 100. G ya chini ni 98. Mvumo ule basi ni G iliyopanda kidogo, kama theluthi moja ya nusu toni. Ukiwa umesimama kanisani huna ala mkononi, vuma nao, kisha hesabu hadi do ya mwimbaji. Kwenye jenereta usiuamini, kasi ya injini hubadilika.

Kitufe cha transpozi kwenye kinanda kitumie ibadani ukizidiwa, lakini mazoezini kiache. Anayepiga kila kitu kwa vidole vya C huku kitufe kikimpandishia ki, siku akipewa gitaa, au kinanda kisicho na kitufe hicho, hana pa kushika.

Kwa siku dakika 20 zinatosha: tano za kuruka kutoka do, tano za kukaza do na so juu ya pambio unalolijua, kumi za kukopi wimbo mmoja. Ukizidisha sana, sikio linachoka na kuanza kukubali kodi yoyote. Siku tano kwa wiki ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi. Anza na mapambio na nyimbo za tenzi zenye kodi tatu, kaa nazo mwezi. Usianze na muziki wa injili wa kisasa wenye kodi za kupitia kila pigo.

Lakini si kila wimbo unaousikia Arusha na Moshi unadai kodi. Wimbo wa Kimaasai, olaranyani (mwimbaji kiongozi) akiongoza na wenzake wakiunguruma chini, haukutungwa juu ya ya kwanza, ya nne na ya tano. Ukiulazimishia G na D utaua kilichomo. Pale jifunze melodia ya kiongozi kwa kuirudia kama ilivyo, na nota ambayo kundi linaishikilia. Inatosha.

Jambo la mwisho ni kupanda ki katikati ya pambio, maana mwanzishaji akichangamka hupandisha bila onyo. Ukiisikia nota yake mpya ya kutua, iimbe kwa solfa ya zamani. Kama imeangukia re, amepanda toni nzima, kama iko kati ya do na re, ni nusu toni. Kutoka G kwenda A, piga E7 pigo moja au mawili kabla ya A. Kutoka G kwenda A flati, piga E flati 7. Besi iingie ya kwanza, mkono wa kulia ufuate.